Mwamini Sita Kwenye Mstari Mmoja

Bibi yako yumo! Wote sita wamo! Muganga wa macho amekubali kuongeza siku moja ya operesheni, na karatasi imebandikwa kwenye mlango wa lopitali leo kabla ya adhuhuri. Nimeisoma miye mwenyewe kwa kidole changu, mstari kwa mstari, mara tatu, mpaka mlinzi akaniambia, "Mama, karatasi itatoboka." Nikamjibu itoboke, mtoto wangu atatoa ingine.

Haya, sasa salamu. Mwanangu Mwamini, mama yangu kwa jina, ndiyo maana nakuita Mama, pokea salamu zangu miye Zaina, mama yako mwenye makelele, na za baba yako aliyekaa hapa kando akisema naandika kama mtu anayegombana. Sigombani. Nina furaha. Furaha yangu ndiyo sauti yake hii, na baba yako ameizoea toka siku ya ndoa.

Rezo ya simu imelala toka juzi, ndiyo maana habari inakufikia kwa karatasi. Wewe uko Nyangwe kumuaga shangazi yako, na kesho alfajiri Kashindi atatoka hapa na pikipiki, na sanduku lako, na barua hii, akuchukue mshike njia ya Kindu, kwenye kazi yako mpya. Basi nimefunga meza yangu sokoni mapema, nikawaacha wateja wa mchele wakinuna, nikachukua kaye yangu, daftari la zamani la kazi ya reko, nilipokuwa nazunguka nyumba kwa nyumba kwa ajili ya biro ya afya. Kurasa za nyuma zilikuwa bado nyeupe. Niliishia mwaka wa tano wa primeri, unajua, lakini hata mwalimu wangu alisema maandishi ya Zaina yanasimama kama askari siku ya sikukuu.

Sitaandika habari ya chakula, wala ya chandarua, wala ya wanaume. Una miaka ishirini na sita. Kama hujui kufunga mlango wako, barua haitaufunga.

Nataka kuandika habari ya maneno mawili uliyoniletea nayo ugonjwa wa kichwa mwaka mzima: "Inajiendesha yenyewe." Nikikuuliza, Mama, mbona umekaa na liste za watu hazijaisha? "Inajiendesha yenyewe, Mama." Mbona hukwenda biro leo? "Inajiendesha yenyewe." Eeh! Hata sufuria ya maharagwe haijiendeshi yenyewe, na ile haina akili ya kukosea.

Sasa nitaandika kazi yako kama nilivyoielewa, na kama nimekosea usicheke, maana ndivyo nilivyoieleza soko zima. Zamani liste za wagonjwa zilikuja biro ya afya kila moja na tabia yake. Za Kabambare zilikuja kwenye flashi mfukoni mwa dereva wa pikipiki, na matope juu. Za vituo vya hapa Kasongo zilikuja wakati rezo inapotaka. Huyu anaanza na jina, yule anaanza na kijiji, mwingine anaandika tarehe kinyumenyume. Mtu mmoja alikaa wiki nzima kuzinakili ziwe liste moja, na akifika mwisho, za mwanzo zimeshazeeka. Wewe ukatengeneza pakiti zako. Pakiti ya kwanza inachukua liste. Ya pili inaosha majina na tarehe. Ya tatu inaunganisha Kabambare na Kasongo. Ya nne inatupa watu waliojirudia. Halafu, na hapa ndipo nilipokuwa nikipanda juu ya gunia la mchele ili wanisikie mpaka kwa wauza nguo, ukaandika kode yako, ya mkono wako, hukuiomba kwa mtu, inayoziamsha zile pakiti kila siku watu wakiwa wamelala. Ya kwanza ikimaliza inaita ya pili, ya pili inaita ya tatu, na asubuhi simu yako inalia: Kazi imekwisha. Makosa: 0.

Nilijivuna, Mama. Ee, nilijivuna mpaka meza yangu ikawa kama redio. Muuza samaki mmoja, mdomo wake unaujua, aliniuliza, "Mama Mwamini, hiyo mashini ya mutoto wako inaweza kunitengenezea na bwana yangu mulevi?" Nikamwambia, "Mulete tumuandike kwenye liste, itamutupa." Soko likacheka. Miye nilicheka kupita wote. Nilicheka sijui ninachocheka.

Na usisahau ile batri. Batri ya sola ya biro ilipokufa, ukaja kubeba ya nyumbani kwangu, ile niliyoipata kwa mchele wa misimu miwili. Baba yako alikula gizani akachoma kidole kwenye sahani ya sombe ya moto. Nilivumilia. Nilimwambia, kula polepole, mtoto wetu anaunganisha Kabambare na Kasongo.

Kiisha ikaja ile siku ya lopitali, ya kuita watu wa operesheni ya macho.

Najua ulikuwa biro, hukuona kwa macho yako, umesikia tu vipande vipande na kila mtu ameongeza chumvi yake. Ngoja nikupe ile niliyoiona. Tulifika na Bibi mapema, nimemshika mkono, amevaa kitenge chake cha njano ambacho yeye mwenyewe hajui tena kama ni cha njano. Waliotoka Kabambare walikuwa wamelala njiani siku mbili juu ya pikipiki, wazee watupu, wamefungwa kamba kiunoni na wajukuu wao wasianguke. Kila mmoja na macho yake meupe kama maziwa. Muganga akatoka na karatasi, akaita majina. Akaita, akaita. Kisha akasema, "Mwamini Sakina!"

Bibi akasimama. Nami nikasimama naye. Nikasikia benchi linalia nyuma yangu. Nikageuka. Mama Idi amesimama na fimbo yake. Mama Feza amesimama. Mama Kiza, Mama Asumani, Mama Lukogo, wote wamesimama. Wanawake sita, fimbo sita.

Muganga akavua miwani. "Nimeita mutu moja."

"Ndiyo miye," wakasema wote.

"Mwamini Sakina wa kijiji gani?"

Wakataja kijiji kimoja, kilekile cha kwetu kule Kabambare, kwa sauti moja kama watoto wa shule.

"Aliyezaliwa tarehe gani?"

"Tarehe moja ya mwezi wa kwanza!" Na mwaka wakautaja uleule.

Watu wakaanza kucheka. Muganga hakucheka. Alisema mashini imeandika Mwamini Sakina mmoja, nafasi ni moja, na nafasi zingine zimeshapewa watu wa vijiji vingine. Akatazama namba ya fishi, ile kadi ya mgonjwa, akasema aliyeandikwa ni Mama Idi, aingie. Wengine wamsamehe, liste imefungwa.

Hapo Mama Idi akakaa chini. Unamjua, mdogo kama kuku wa mvua, lakini akikaa amekaa. Akasema, "Siingii."

"Mama, ni nafasi yako."

"Nasema hivi, baba. Kama tuko watu sita, utuandike sita. Kama munasema tuko mutu moja, basi miye siwezi kuingia na kuacha mikono yangu na miguu yangu hapa inje."

Mama Feza akadakia, "Na leo mutu akipika, ale Mama Idi peke yake, sisi wote tutashiba!"

Ukumbi wote ukavunjika kwa kicheko. Hata muganga, nilimwona, aligeuza uso ukutani. Lakini miye nilihisi mkono wa Bibi kwenye mkono wangu. Haukucheka ule mkono. Aliniuliza polepole, "Zaina, ina maana nimefutwa?"

Mwanangu, nilimfunga kitenge chake upya, nikamkalisha karibu na Mama Idi. Kisha nikashika njia ya biro yako.

Na wewe, wewe Mwamini, wewe kati ya watu wote! Hiyo ndiyo iliyonipandisha hasira mpaka nikaona nyota. Kama kode ile ingeandikwa na mtu wa Kinshasa, ningesema hajui. Lakini wewe si unabeba jina hilohilo? Toka unanyonya nilikuimbia habari ya yule mkunga wa kijiji chetu, Mwamini Sakina wa kwanza, aliyepokea watoto kwa mikono yake mpaka kila nyumba ikataka kumshukuru. Utamshukuruje mkunga? Unampa jina. Mtoto wa kike akizaliwa akalia vizuri, basi ni Mwamini Sakina, somo wake, jina zima bila kupunguza. Na walipokua, akaja ajenti wa serikali na meza yake kuandika watu. Akauliza mlizaliwa lini. Mmoja akasema mwaka wa nzige, mwingine akasema mpunga ulipooza shambani, mwingine akasema muulize mama. Yule ajenti jua limemchoma, akawaandika wote tarehe moja, mwaka mmoja, akafunga kitabu akaenda kunywa maji. Habari hii unaijua. Umeisimulia mwenyewe shuleni ukapigiwa makofi.

Halafu unaiambia mashini: ukiona jina moja, kijiji kimoja, tarehe moja, huyo ni mtu mmoja, tupa waliobaki. Na asubuhi inakuambia Makosa sifuri!

Nilikuja biro nikiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mkuu wako alikuwapo, na wale vijana wawili wanaoandika fishi walikuwapo. Ningeweza kukuita nje. Sikukuita nje. Nikasema pale, mbele yao, "Umemuua bibi yako kwenye karatasi."

Ukanijibu taratibu, kwa Kiswahili chako cha shule, "Mama, programu imefanya vile nilivyoiambia."

Na miye nikapiga meza, "Ndiyo hiyo sasa! Ndiyo hiyo!"

Hukulia. Ungelia ningenyamaza. Ulikaza mdomo kama baba yako, na siku tatu tulikula sahani moja bila kusema. Baba yako alipotaka chumvi alimuomba paka.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijakuambia, na baba yako ametoka kwenda msikitini, kwa hiyo naandika haraka kabla hajarudi, si kwamba hakijui, ila sipendi anitazame nikiandika.

Umekuwa ukishangaa kwa nini kila Ijumaa namwekea Kashindi sahani. Ulifikiri ni kwa sababu anatubebea mchele. Ukimwambia neno upande wa kushoto, hasikii, unalijua hilo, kila mteja wake anajua. Wengi wanafikiri ni mlio wa pikipiki.

Ulikuwa bado mdogo, unatambaa. Nilikuwa reko mpya, na kaye hii, na chaki ya bluu. Ilikuwa kampeni ya sindano ya surua. Kazi yetu ilikuwa kuingia kila nyumba, kuhesabu watoto, na nyumba iliyokwisha tunaitia alama ya chaki mlangoni ili timu ya sindano ijue hapa hakuna aliyebaki. Miye nilikuwa hodari, Mama. Wengine walimaliza avenyu moja kwa siku mbili, miye kwa asubuhi moja. Walinisifu kwenye mkutano, nikasimama nikainama kidogo hivi. Unajua nilifanyaje? Nilikuwa napiga kelele juu ya ua tu. "Mama Kashindi! Watoto wangapi hapo?" Akanijibu kutoka jikoni, "Wako watatu hapa!" Nikaandika watatu. Wote watatu walikuwa wamechomwa sindano. Nikapiga chaki mlangoni, nikapita.

Watatu hapa. Alisema hapa. Mtoto wa nne, Kashindi mwenyewe, alikuwa shambani na nyanya yake, amelala wiki nzima huko kufukuza ndege kwenye mpunga. Sikuuliza wa shambani. Fomu ilikuwa na sehemu moja tu: watoto wangapi.

Surua ilimshika kabla mpunga haujavunwa. Hakufa, alhamdulillahi. Sikio moja likaenda. Niliposikia, nilitoka kabla jua halijachomoza nikaenda na kitenge changu kufuta ile chaki. Mvua ilikuwa imeshaifuta. Nikasimama pale mlangoni na kitenge mkononi kama mwizi, mama yake akafungua, akanitazama, akaniambia, "Karibu uji." Hajaniambia neno lingine kwa habari ya chaki ile mpaka leo. Angenitukana ningelala usingizi.

Kwenye mkutano uliofuata walinisifu tena, kwa kuwa karatasi yangu haikuwa na kosa hata moja. Nikainama tena, nikapokea sabuni ya zawadi.

Basi ile siku biro, nilipokuwa napiga meza ya watu, mbele yangu niliona mlango wa kina Kashindi na ile alama ya bluu. Wewe ulisimama katikati tu. Naomba unisamehe kwa ile meza, na kwa wale vijana wawili waliosikia. Kwa maneno yenyewe siombi msamaha wote. Nusu.

Ulichofanya baadaye nimekieleza sokoni pia, usiogope, kwa sauti ileile. Siku ya nne ulikuja nyumbani na ile ordinatere, kompyuta yako ya kazi, kwapani, ukakaa uani kwenye mkeka. Ukasema pakiti ya nne haitatupa tena mtu. Ikiona wawili wanafanana, inasimama, inawaweka pembeni kwenye liste ya kuuliza, na kazi nzima haiendelei kwa watu hao mpaka mtu mwenye miguu aende kuwauliza. Nikakuuliza, mtawauliza nini na jina ni moja na tarehe ni moja? Ukakuna kichwa.

Nikasema, "Muulize ni mama wa nani!"

"Mama, fomu haina sehemu hiyo."

"Basi fomu haina akili! Toka lini mwanamke wa hapa akajulikana kwa jina lake? Miye hapa, nani sokoni anajua naitwa Zaina? Naitwa Mama Mwamini, kwa ajili yako, mutoto mwenye kichwa kigumu!"

Ulinitazama, ukacheka. Mara ya kwanza kwa siku nne. Nami, nikuambie kweli, nilitaka kukukumbatia lakini mikono ilikuwa na mawese.

Wakaja wote sita jioni ile, tukawapa viti. Ukauliza mmoja mmoja, ukaandika. Mama Idi. Mama Feza. Mama Kiza. Mama Asumani. Mama Lukogo. Kila mmoja akitajwa anaitika, "Hapa!" Mama Feza akaongeza, "Na muandike mutoto wangu hajaleta hata kuku toka Pasaka!" Ukamwambia hiyo nayo haina sehemu.

Ukafika kwa Bibi.

Unajua, na wote pale uani walijua, kwamba Bibi hakuzaa. Mdogo wake ndiye aliyenizaa miye na akafa siku ileile, na Bibi akanibeba mgongoni toka shamba hadi shamba, akanilea kwa maziwa ya kuomba nyumba kwa nyumba. Nimemwita Mama maisha yangu yote. Lakini watu wa kule kijijini, kwa ukali wao, hawakumpa jina la Mama Fulani. Walimwita Mwamini tu, mpaka amekuwa mzee, jina tupu kama la mtoto. Na miye sikuwahi kugombana nao kwa hilo. Miye ninayegombana na kila mtu! Nimegombana na wapima mchele, nimegombana na polisi wa barabara, nimegombana na mashini yako, lakini kwa hilo nilinyamaza, kwa sababu nilipokuwa msichana niliona haya. Nilitaka watu wasahau kwamba mama yangu hasa amelala kaburini. Hilo ni kosa langu la pili, na ni kubwa kuliko la chaki.

Bibi akakuambia, "Kwangu uache wazi, mjukuu wangu. Pita."

Ukamwambia, "Bibi, mashini haikubali pahali wazi."

Wote pale uani wakainamisha vichwa. Hata Mama Feza. Nikasikia kuku anakwaruza. Nilishika ufagio nikaanza kufagia ua uliokwisha kufagiwa.

Hukunitazama. Uliandika tu, tik, tik, tik.

"Umeandika nini?" Bibi akauliza.

"Mama Zaina."

Akapapasa kitenge chake, akakivuta vizuri mabegani kama anayetaka kupigwa picha. Akasema, "Soma tena."

Ukasoma tena.

Sikukuambia asante siku ile. Niliinuka nikasema moshi wa jiko umeniingia machoni, na jiko lilikuwa halijawashwa. Leo nakuambia. Asante, Mama.

Halafu mkuu wako akapeleka ile liste mpya kwa timu ya macho, wakasema imefungwa, wakasema wataona, wakasema warudi, na wewe siku yako ya kuondoka ikafika hujapata jibu. Nilikuona jana unafunga sanduku, shati unalikunja mara nne unalikunjua. Ulitaka kubaki. Nilikufukuza kwa maneno, "Enda ukamuage shangazi yako, unanizibia mlango," kwa kuwa ningekuambia baki, ungebaki, na Kindu wangechukua mwingine. Ndiyo maana leo asubuhi nilikaa kwenye ule mlango wa lopitali toka wanafagia. Na karatasi ikatoka, na majina sita yako hapo moja chini ya lingine kama ngazi, na kando ya kila moja, mama wa nani. Wa mwisho ni Mwamini Sakina, Mama Zaina. Operesheni ni Alhamisi hii. Nilipiga kigelegele ndani ya lopitali, wakanitoa nje, nikaendelea nje.

Na kuna habari ingine, ujue mapema kabla hawajakuandikia. Mkuu wako ameniita. Amesema ile liste ya kuuliza itahitaji mtu wa kuzunguka avenyu zetu, kila mara mashini ikisimama. Amesema, "Mama, wewe unajua kila mtu." Nikamwambia hapana, nilifikiri najua, ndipo sasa nauliza. Lakini nimekubali. Kwa hiyo leo niko kipande cha programu yako. Mashini ikisimama, inanisubiri miye! Nimeshamweleza muuza samaki. Nitaingia kila ua mpaka ndani, nitakaa kwenye kiti, nitauliza aliye hapa na aliye shambani na aliyekwenda machimboni. Sitapiga kelele juu ya ua. Labda kusalimia tu.

Kule Kindu watakupa liste za zoni nyingi za afya, za watu usiowajua, na hakuna mama yako wa kukupigia meza. Sijui nikuambie nini kwa hilo. Kode yako siielewi, na ukinieleza zaidi nitalala. Lakini zile asubuhi simu ikilia na kukuambia sifuri, mkumbuke dereva aliyekufikisha. Na njiani, ukitaka kumwambia jambo, mwambie kwa sikio la kuume, na mwambie kwa nguvu. Barua hii hajui ndani imeandikwa nini. Ukitaka kumsomea ukurasa wake, msomee. Miye nimeshindwa miaka yote hii. Nimeweka chapati nane kwenye mfuko mwekundu, nne ni zake.

Sasa sikia la mwisho, maana baba yako amerudi na anauliza kama naandika kitabu.

Bandeji itafunguliwa Ijumaa hii, lakini Bibi amesema hataki kutazama watu na macho yaliyovimba, ana maringo yake, na miye nimeyarithi kwake. Anataka kututazama sote pamoja, siku aliyoichagua mwenyewe. Anasema ana miaka mingi hajaona uso wa Mama Idi, anataka kujua nani kati yao amezeeka zaidi, na ana hakika si yeye. Wa Kabambare hawarudi kwao, watalala kwangu mpaka siku hiyo, mikeka nimeshaazima. Mama Feza ameapa atamleta yule mtoto wake na kuku, kwa kamba kama ni lazima. Kashindi anamleta mama yake.

Na wewe usiniletee habari ya kazi mpya, na mkuu mpya, na ruhusa haijatoka. Mwambie mkuu wako wa Kindu programu yako inajiendesha yenyewe. Si ni maneno yako? Basi iache ijiendeshe siku nne, na zile za kuuliza zisubiri, zimezoea kusubiri. Bibi amewahesabu kina Mwamini Sakina kwa vidole, na yeye mwenyewe ndani, amefika sita, akaniuliza, "Na wa saba?" Nikamwambia wa saba anakuja.

Siku ya Bibi kutazama nyuso zetu ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, kiisha sala ya adhuhuri.